Mashine za kusafisha sakafu: familia zilizofaulu, iliyopoteza, na hesabu ya anayetaka kuanza

Biashara ya usafi wa majengo inawavutia wengi wenye mtaji mdogo. Haihitaji kiwanda, haihitaji shahada, na wateja wake hawaishi: sakafu iliyosafishwa leo itachafuka kesho. Benki, hospitali, hoteli na maduka makubwa mengi yameacha kuajiri wafagizi wao wenyewe na badala yake hutangaza zabuni. Anayeshinda zabuni hujikuta mara moja mbele ya swali la fedha: aajiri watu wa kupiga deki, au anunue mashine? Na akishanunua mashine huja swali la pili: je, asiishie kusafisha tu, bali aanze pia kuziagiza na kuwauzia wengine?

Wiki hii ukurasa huu unayatazama maswali hayo kwa kupitia historia ya familia zilizotajirika kwa mashine za sakafu, na ya moja ambayo jina lake limebaki lakini mali ilishakwenda kwa wengine. Baada ya hapo tutafanya hesabu ya mashine moja. Jambo linalojitokeza katika historia hizo zote ni kwamba faida ya biashara hii haiko kwenye mashine yenyewe, iko sakafuni. Anayejua sakafu inasafishwaje, kwa saa ngapi na kwa gharama gani, ndiye anayejua atengeneze nini, auze nini na kwa bei gani.

MWENYE DUKA ALIYECHOSHWA NA VUMBI

Familia ya kwanza ni ya Melville na Anna Bissell, mtu na mkewe waliokuwa na duka la vyombo vya udongo katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani. Vyombo vilifika dukani vikiwa vimefungwa ndani ya masanduku yaliyojazwa unga wa mbao ili visivunjike. Kila sanduku lilipofunguliwa, unga ule uliingia katika zulia na ufagio haukuweza kuutoa.

Mashine za kufagia zulia zilikuwapo tayari, ila hazikufanya kazi vizuri. Melville akatengeneza yake: kisanduku chenye magurudumu, ndani yake brashi ya mviringo inayozungushwa na magurudumu hayo pale mtu anapoisukuma kwa mpini. Haikuwa na moto wala umeme. Mwaka 1876 alipewa hataza ya kuilinda kazi yake.

Mfanyabiashara aangalie mwenendo wa mambo hapo. Familia hii haikuanza kwa kutafuta kitu cha kuuza. Ilianza kwa kutafuta kitu cha kutumia katika duka lake. Wateja waliokuja kununua vikombe na sahani waliiona mashine ikifanya kazi na wakataka yao. Yaani mashine ilifanyiwa majaribio kwa jasho la mwenyewe kabla ya mteja wa kwanza kuitolea senti.

Uzalishaji nao ulianza kwa mtaji mdogo. Sehemu za brashi zilitengenezwa na wanawake wa mjini humo majumbani mwao, na Anna akapita na kuzikusanya ili mashine ziunganishwe mahali pamoja. Kiwanda hasa kilijengwa mwaka 1883, miaka saba baada ya hataza. Kwa lugha ya wafanyabiashara wetu, walikwepa kufunga fedha kwenye matofali kabla ya kujua soko lina ukubwa gani. Anna mwenyewe alikuwa muuzaji hodari. Alizunguka mji kwa mji akiwashawishi wenye maduka waiweke mashine pale mteja atakapoiona.

MOTO WA 1884 NA MSIBA WA 1889

Mwaka mmoja tu baada ya kujengwa, kiwanda kiliungua. Hapo ndipo ilipoonekana thamani ya kitu kisichoandikwa katika daftari la mali, yaani jina jema. Anna alikwenda kwenye benki za mji, akapata mikopo, na kazi ikaanza tena. Benki hazikukopesha majivu. Zilikopesha watu waliokuwa wakiwajua kwa kulipa.

Pigo la pili lilikuja mwaka 1889, Melville alipofariki kwa ugonjwa wa nimonia akiwa na umri wa miaka 45. Anna alibaki na watoto na kampuni. Wakati ule ilikuwa nadra mno Marekani kwa mwanamke kuongoza kiwanda, na mara nyingi anatajwa kuwa wa kwanza kuongoza kampuni kubwa nchini humo. Aliiongoza hadi mwaka 1919, kisha akawa mwenyekiti wa bodi mpaka alipofariki mwaka 1934. Katika miaka yake mashine za Bissell zilivuka bahari na kuuzwa Ulaya, na kampuni ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuwawekea wafanyakazi bima ya ajali kazini na malipo ya uzeeni.

Kwa nini biashara haikufa na mwenyewe, kama zinavyokufa nyingi za kifamilia? Jibu si bahati. Anna alikuwa ndani ya kazi tangu siku ya kwanza. Alijua brashi inafungwaje, nani ananunua, nani anadaiwa na benki ipi inaaminika. Msiba ulipotokea hapakuwa na siri iliyozikwa pamoja na marehemu. Biashara nyingi za kwetu hufungwa siku ya matanga si kwa sababu mtaji umekwisha, bali kwa sababu aliyejua wadeni, wadai na bei za kununulia alikuwa mtu mmoja.

Kampuni ya Bissell imebaki mikononi mwa familia. Ilipofika miaka ya 1950 ilikwishaona kuwa kufagia peke yake hakutoshi, ikatoa kifaa cha kuoshea zulia kwa sabuni. Mwaka 1996 uongozi ulichukuliwa na mtu wa kizazi cha nne. Hisa zake haziuzwi katika soko lolote.

HOOVER: JINA LIMEBAKI, MALI IMEKWENDA

Familia ya pili ina historia inayofanana mwanzoni na kutofautiana kabisa mwishoni. Mwaka 1907 mfagizi wa duka moja la nguo katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, aitwaye James Murray Spangler, alikuwa akisumbuliwa na pumu kwa sababu ya vumbi aliloamsha kwa ufagio. Akaunganisha mota ya feni, sanduku, mpini wa ufagio na foronya ya mto. Hiyo ikawa mashine ya kuvuta vumbi inayobebeka. Alipata hataza mwaka 1908.

Spangler alikuwa na maarifa lakini hakuwa na mtaji. Mwaka huohuo aliiuza hataza yake kwa familia ya William Hoover, waliokuwa watengenezaji wa vifaa vya ngozi vya farasi. Mke wa Hoover alikwishaijaribu mashine nyumbani kwake na kuona inafaa. Familia iliona pia kuwa magari yanakuja na farasi wanaondoka, hivyo biashara ya ngozi ilikuwa na siku za kuhesabika.

Mbinu yao ya kuuza inafaa kukumbukwa na kila wakala. Walitangaza gazetini kwamba mtu anaweza kuijaribu mashine nyumbani kwa siku kumi bila malipo. Waliopeleka barua hawakutumiwa mashine moja kwa moja kutoka kiwandani, bali kupitia mwenye duka wa karibu nao. Mteja akinunua, mwenye duka anapata chake, naye anageuka wakala. Hivyo mtandao wa mawakala ulijengwa na wateja wenyewe. Baadaye, nchini Uingereza, jina la Hoover lilizoeleka kiasi kwamba watu hulitumia kumaanisha kufagia kwa mashine yoyote.

Lakini kampuni ilitoka mikononi mwa familia. Mwaka 1985 ilinunuliwa na kampuni ya Chicago Pacific, na mwaka 1989 ikawa chini ya Maytag. Mwaka 1992 tawi lake la Uingereza lilitoa ahadi ya ajabu: mteja akinunua bidhaa ya kuanzia pauni 100 atapewa tiketi mbili za ndege bure, kwanza za kwenda Ulaya, kisha hata za Marekani. Yeyote anayefunga hesabu dukani kwake kila jioni angeona kasoro. Tiketi zilikuwa na thamani kubwa kuliko mashine. Watu walinunua mashine wasizozihitaji ili wapate safari, na ahadi ile iliigharimu kampuni karibu pauni milioni 50. Mwaka 1995 Maytag iliuza shughuli za Hoover za Ulaya kwa kampuni ya Candy ya Italia. Upande wa Marekani uliuzwa mwaka 2007 kwa kampuni ya TTI ya Hong Kong, na kiwanda cha zamani huko Ohio kikafungwa.

Haitakuwa haki kusema kuwa familia ingekuwapo makosa yasingetokea. Familia nazo hukosea. Hata hivyo ahadi ile ilipimwa kwa idadi ya mashine zitakazotoka ghalani. Haikupimwa kwa faida ya kila mashine, wala kwa kujiuliza kama mnunuzi ana sakafu ya kusafisha. Mauzo yaliongezeka, fedha zikapotea. Wafanyabiashara wanaolijua soko wanalijua gonjwa hilo hata kwa ukubwa mdogo: ni yule anayefurahia duka limejaa watu, kumbe anauza chini ya bei aliyonunulia.

KÄRCHER NA TENNANT: NJIA MBILI ZA MTAJI

Ujerumani nayo ina mfano wake. Alfred Kärcher alianzisha kampuni mwaka 1935 mjini Stuttgart, na mwaka 1939 akaihamishia Winnenden. Mwaka 1950 alitoa mashine ya kuosha kwa maji ya moto yenye msukumo mkubwa. Alipofariki mwaka 1959, mkewe Irene alishika usukani na kuongoza kwa takriban miaka 30. Ni Anna Bissell wa pili, miaka 70 baadaye. Mwaka 1962 kampuni ilifungua tawi lake la kwanza la nje, nchini Ufaransa. Mwaka 1974 iliamua kujikita katika mashine za msukumo wa maji, ikiachana na bidhaa nyingi za pembeni. Baada ya kupata nguvu katika jambo moja ndipo ikapanuka tena, hadi kwenye mashine za kufagia na kusugua sakafu. Kampuni ingali mali ya familia, na tangu mwaka 2021 mauzo yake ya mwaka yamepita euro bilioni 3.

Kärcher haitengenezi tu, inatumia. Mwaka 1980 mashine zake zilisafisha sanamu kubwa ya Kristo mjini Rio de Janeiro, na mwaka 2005 nyuso za marais zilizochongwa kwenye mlima Rushmore, Marekani. Hizo ni kazi za kutangaza jina, lakini ni mafunzo pia. Fundi anayesafisha jiwe la zamani bila kuliharibu hurudi kiwandani akijua msukumo gani unafaa na upi unabomoa.

Tennant ya Minneapolis, Marekani, ilichagua njia nyingine. George Tennant, mhamiaji kutoka Ireland, aliianzisha mwaka 1870 kama biashara ya mbao. Ikaja kutengeneza sakafu za mbao, na katika miaka ya 1930 ikaingia katika mashine za kuzitunza. Waliouza sakafu waligundua kuwa mteja hununua sakafu mara moja katika maisha, lakini huisafisha kila siku. Mwaka 1969 kampuni iliuza hisa kwa umma, na mwaka 1999 hisa hizo zikaingia soko la New York. Mwaka 2017 iliweza kuinunua kampuni ya Italia iitwayo IPC kwa takriban dola milioni 350, na mwaka 2018 ikatoa mashine ya kusugua inayojiendesha bila dereva.

Hizo ndizo njia mbili. Familia ikibaki na hisa zote inabaki na uamuzi, lakini inapanuka kwa kasi ya faida yake na mikopo yake. Ikiuza hisa inapata fedha za kununua wengine, lakini nayo inaweza kununuliwa. Hakuna njia iliyo bora kwa kila mtu. Hatari ni kuingia katika mojawapo bila kujua unachokiacha.

MASHINE YENYEWE HUFANYA NINI

Kabla ya hesabu tueleze kifaa. Mashine inayotumika zaidi katika majengo makubwa ni ile ya kusugua na kukausha kwa wakati mmoja. Ina matangi mawili, la maji safi yenye sabuni na la maji machafu. Maji hushuka kidogo kidogo mbele ya brashi inayozunguka. Nyuma ya brashi kuna ukanda wa mpira unaoyakusanya maji machafu, na mota inayoyavuta kwenda tangi la pili. Sakafu inabaki kavu karibu mara moja, na hiyo ndiyo faida anayoilipia mwenye hospitali au duka: watu wanapita bila kuteleza.

Zipo za waya wa umeme na zipo za betri. Za betri ni rahisi kuzungusha, lakini betri ndiyo sehemu ghali inayokufa mapema isipotunzwa. Zile za asidi zinataka kuchajiwa hadi zijae kila baada ya kazi na kuongezwa maji ya betri. Ukiziacha zimekwisha chaji kwa wiki nzima umezifupishia maisha. Ukanda wa mpira nao huisha, na ukiisha mashine huacha michirizi ya maji. Brashi huisha. Tangi la maji machafu lisipomwagwa na kusuuzwa hunuka. Na mashine haiondoi kazi ya ufagio: mchanga usipofagiwa kwanza, brashi inausaga juu ya terazo au marumaru na kuikwaruza.

Kwa hiyo anayeuza mashine bila vipuri anauza chuma kitakachowekwa stoo baada ya miezi michache. Anayeuza mashine pamoja na brashi, mipira, betri na fundi ana mteja wa miaka.

HESABU YA MASHINE MOJA

Takwimu zifuatazo ni za mfano, si bei za soko. Msomaji aweke za kwake.

Tuseme mashine moja inagharimu shilingi 9,000,000 hadi ifike kazini. Jengo lina sakafu pana inayohitaji watu watano wakipiga deki kwa mkono.

Gharama za mwezi kwa mkono: watu watano kwa shilingi 250,000 kila mmoja ni 1,250,000. Sabuni, maji, madekio na ndoo ni 150,000. Jumla 1,400,000.

Gharama za mwezi kwa mashine: mwendeshaji 300,000. Msaidizi wa pembeni, ngazi na vyoo 250,000. Brashi, mipira na akiba ya betri 120,000. Sabuni 80,000. Umeme na maji 50,000. Jumla 800,000.

Mashine inaokoa shilingi 600,000 kwa mwezi. Gawanya 9,000,000 kwa 600,000: fedha ya mashine inarudi baada ya miezi 15. Wengi huishia hapo, wakafurahi na kuweka oda.

Sasa soma mkataba wa usafi. Ukiwa wa miezi 12, mashine itakuwa imeokoa 7,200,000 siku mkataba unapokwisha. Zimebaki 1,800,000 ambazo hazijarudi, na hujui kama zabuni utaipata tena. Ukiwa wa miezi 24, itakuwa imeokoa 14,400,000, na baada ya kutoa bei ya mashine umebaki na 5,400,000. Mashine ni ileile na sakafu ni ileile. Kilichobadilika ni tarehe iliyo chini ya karatasi. Kwa hiyo kabla ya kumwuliza muuzaji bei ya mashine, mwulize mteja urefu wa mkataba.

Angalia pia ukubwa wa sakafu. Jengo likiwa dogo, la kuhitaji watu watatu tu, gharama kwa mkono ni mishahara 750,000 na vifaa 100,000, jumla 850,000. Kwa mashine, mishahara ya watu wawili inabaki 550,000. Vipuri, sabuni na umeme vikishuka nusu ni 125,000. Jumla 675,000. Akiba ni 175,000 kwa mwezi, na bei ya mashine itarudi baada ya miezi kama 52, zaidi ya miaka minne. Hapo dekio linashinda.

Mwisho ni suala la kucheleweshewa malipo, linalowaangusha wengi kuliko ubovu wa mashine. Mteja akilipa baada ya miezi mitatu, wewe utakuwa umelipa gharama za mfano wa kwanza mara tatu, yaani shilingi 2,400,000, kabla ya kuona senti. Fedha hiyo lazima iwepo pembeni mbali na bei ya mashine. Anayemaliza mtaji wote kununulia mashine atashindwa kulipa mishahara mwezi wa pili, huku hesabu yake ya faida ikiwa sahihi kabisa kwenye karatasi.

KUUZA NA KUTUMIA KWA PAMOJA

Je, familia inaweza kuuza mashine na papo hapo kufanya usafi kwa mashine hizo? Inaweza, na kuna faida ya wazi. Kazi za usafi ni maonyesho yasiyolipiwa. Mteja anayetaka kununua hupelekwa kwenye jengo, anaona mashine yenye miaka mitatu bado inafanya kazi, anaongea na mwendeshaji. Vipuri vinavyowekwa kwa ajili ya kuuza vinatumika pia kwa mashine zenu. Na mnajua kwa uhakika brashi inadumu miezi mingapi, badala ya kurudia maneno ya kitabu cha kiwandani.

Ila kuna mtego. Wanunuzi wakubwa wa mashine ni kampuni za usafi. Ukiingia katika zabuni zilezile wanazoziomba, umekuwa mshindani wa wateja wako. Watajiuliza kwa nini wakujulishe wamepata jengo gani, na kama vipuri vyao havitacheleweshwa siku za zabuni. Wanaotaka kufanya yote mawili wagawane soko mapema. Kwa mfano, wafanye usafi wa majengo ya aina moja tu, na wauze mashine kwa wanaohudumia aina nyingine.

Njia ya tatu ni kukodisha. Marekani, mashine za kuoshea mazulia hukodishwa madukani kwa siku. Mwenye mashine mbili tatu anaweza kuwakodisha wenye kumbi, misikiti, makanisa na shule wanaohitaji usafi mkubwa mara chache kwa mwaka. Mashine iliyolala stoo haileti kitu, ingawa uchakavu wake hausimami.

DAFTARI LA FAMILIA

Mambo matatu yanatengana vigumu katika biashara ya nyumbani: fedha ya mashine, fedha ya mishahara na fedha ya jikoni. Yakichanganywa, akiba ya betri ndiyo inayoliwa kwanza, kwa kuwa haidaiwi na mtu leo. Siku betri inapokufa familia inakopa kwa riba kununua kitu ambacho ilikwishakipata na kukila.

Aidha, kila mwanafamilia anayefanya kazi alipwe mshahara unaoandikwa. Mtoto anayeendesha mashine bila mshahara anaifanya faida ionekane kubwa kuliko ilivyo. Akiondoka kwenda kuoa au kusoma, inabidi aajiriwe mtu, na hapo ndipo inapogundulika kuwa zabuni zilikuwa zikiombwa kwa bei ya hasara tangu mwanzo.

KWA MWENYE FEDHA KIDOGO ZA KUWEKEZA

Msomaji asiyetaka kusukuma mashine ila anataka kuweka fedha yake katika biashara ya jamaa au rafiki, aombe kuona vitu vinne kabla ya kutoa kitu: mikataba ya usafi na tarehe zake za kwisha, orodha ya wanaodaiwa na kwa muda gani, mahali vipuri vinapopatikana, na jina la mtu wa pili anayeijua kazi yote. Cha mwisho kisipuuzwe. Kampuni ya Bissell na ya Kärcher zilivuka msiba kwa sababu mtu wa pili alikuwapo.

Wenye biashara za familia zilizokua na zinazohitaji mtaji mkubwa wakumbuke kuwa masoko ya hisa ya Nairobi na Dar es Salaam yalifungua vitengo maalumu vya kampuni ndogo na za kati mwaka 2013. Mlango upo, lakini unadai hesabu zilizokaguliwa na bodi isiyoundwa na ndugu peke yao. Familia ambayo haijawahi kutenganisha fedha ya jikoni na ya mashine bado iko mbali na mlango huo.

Kwa ujumla, anayeanza sasa atafute mkataba kabla ya mashine, mkataba uwe mrefu kuliko muda wa kurudisha bei ya mashine, na abakize mishahara ya miezi mitatu. Asiyeyapata hayo aanze na madekio na ndoo, aweke akiba, asubiri jengo kubwa zaidi. Familia ya Bissell nayo ilingoja miaka saba kabla ya kujenga kiwanda.